Nilivyomtangazia Msiba Bi Harusi Mzima

Jamani, haya ninayotaka kuwasimulia hayanipi sifa yoyote, na lau si kwamba nusu ya watu wa mtaa wa Ng'ambo wanayajua na wanayasimulia vibaya kuliko yalivyokuwa, ningezikwa nayo. Lakini juzi nimeyasikia barazani kwa watu nisiowajua kabisa, na katika masimulizi yao mimi nilikuwa mlevi na sheikh alizimia, mambo mawili ambayo hayakutokea. Basi bora muyasikie kwangu, kama ni kufedheheka nifedheheke kwa kipimo changu mwenyewe.

Kazi yangu ni simu za mtandao. Tuna kampuni ndogo, chumba kimoja tu juu ya duka la mashuka kule Mkunazini, na tunachouza ni hicho kimoja: mtu wa hapa anampigia jamaa yake aliye Maskati au Dubai au London kwa kupitia intaneti, kule simu inalia kama simu ya kawaida, na anatozwa kwa dakika alizozungumza. Mimi ni fundi wa mtambo, na Mwanaisha ndiye anayepokea wateja, yaani ndiye anayetukanwa. (Mwenye kampuni anakaa Dar, na akitutaka hutupigia simu ya kawaida, kwa sababu ya kwetu haiamini.)

Sasa balaa la simu hizi ni kukatika. Umeme ukizimika au intaneti ikiyumba, mtu wa upande mmoja anapotea bila kuaga, na mtambo haupati habari, unaendelea kuhesabu dakika zake kama mlinzi aliyeachwa mlangoni na wenye nyumba washahama. Mtu kasalimiana na dadake tu, anatozwa kama waliokesha wakizungumza. Bi mmoja alizipanda ngazi zetu akihema, akamwambia Mwanaisha kwamba yeye halipii maneno ambayo hakuyasema, na Mwanaisha, bila ya kunyanyua macho, akaninyooshea kidole mimi.

Nikaamua kulimaliza. Na ule uamuzi wenyewe, wallahi, ulikuwa mdogo, wa asubuhi moja na kikombe cha chai mkononi. Niliuwekea mtambo sharti kwamba ikiwa upande wa aliyepigiwa pamekuwa kimya, haiji hata chembe ya sauti kwa kiasi cha mtu kusoma Alhamdu bila haraka, basi hesabu kwamba simu imekatika, ifunge, na malipo yasimame papo hapo. Niliona nimetia akili hasa, maana nani anayepiga simu nje kwa pesa yake halafu akae kimya?

Ningeishia hapo ingekuwa salama, lakini nikataka na madoido. Nikasema mteja asifungiwe simu kimyakimya, asikie sauti ya mtu ikimweleza. Nikashuka dukani kwa jirani, nikajibanza stoo katikati ya marobota ya mashuka (hakuna pahala palipotulia kama hapo Mji Mkongwe wote), nikarekodi kwa sauti yangu niliyoiona ya kiungwana: "Samahani. Mwenzako hatunaye tena. Malipo yamesimama hapa. Ahsante."

Mwanaisha akaisikiliza mara mbili, akaniambia, "Nassor, hatunaye tena ni maneno ya msibani." Nikamjibu kwamba wateja watafahamu kwa muktadha. Nilitumia neno hilo, muktadha, na mpaka leo hajanisamehe.

Malalamiko yakakoma. Mwanaisha akaanza kunywa chai yake ikiwa bado moto, mwenye kampuni akatusifu, na mimi nikawa natembea mjini kama mtu aliyechimba kisima.

Hapo sasa ndipo anapoingia Khatibu. Khatibu ni mtoto wa mama yangu mdogo, Bi Saada, tumelelewa nyumba zinazotazamana kule Miembeni, na kazi yake ni kutengeneza mafriji. Mwaka wa kabla alikwenda kutazama friji la bibi mmoja Kikwajuni, akamkuta pale Ilham, mpwa wa yule bibi, aliyezaliwa Unguja akalelewa Maskati na amekuja kupumzika. Friji lilipona siku ileile. Khatibu akarudi kulitazama tena, na tena, mpaka yule bibi akamuuliza kama friji linaumwa au anaumwa yeye.

Baba yake Ilham, Mzee Salum, hakupenda. Alilitamka neno fundi mafriji, nasikia, kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Lakini Khatibu ana maneno, tena ana subira, na mwaka mzima akawa anapiga simu Maskati kumsalimia mzee, kumuuliza miguu yake (mzee miguu inamsumbua, hasafiri), hata kumfundisha namna ya kulisafisha friji lake la kule, mpaka mwisho mzee akasema haya, kheri. Ikakubaliwa kwamba ndoa ifungwe huku, katika msikiti wa mtaani kwetu, na ami yake bi harusi, Bwana Seif, ndugu wa Mzee Salum, amuozeshe kwa niaba ya babake, kisha Khatibu amfuate mkewe. Ila sheikh alishikilia jambo moja. Alitaka kuisikia mwenyewe idhini ya bi harusi, baba yake akiwa kakaa ubavuni mwake. Na Mzee Salum hataki kusikia habari za simu za mkononi, anaiamini ile ya mezani nyumbani kwake tu.

Watu wakajiuliza nani atawaunganishia. Nikasema, hilo niachieni mimi.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Msikiti umejaa, kanzu zimenyooshwa, harufu ya udi mpaka nje, Khatibu kavaa joho la kuazima na jasho linamchuruzika chini ya kilemba. Ng'ambo ya kichochoro, kwa mama mdogo, wanawake wamekaa ukumbini na masufuria ya biriani yako uani. Mimi nimekaa mbele kabisa, pembeni ya sheikh, na simu yangu nimeiunga na spika ndogo niliyoiweka juu ya mkeka. Halafu nikaona safu za nyuma hazitasikia, nikaikokota maikrofoni ya msikiti nikaisimamisha mbele ya sheikh, nikawasha swichi. Swichi zenyewe zimekaa mbili, moja ya spika za ndani na moja ya lile tarumbeta la juu ya mnara, la adhana na la matangazo ya misiba. Sikumbuki kuchagua. Nafikiri niliwasha zote.

Nikapiga. Simu ikapokewa Maskati, Mzee Salum akaitikia salamu, sauti safi kama yuko chumba cha pili, na watu wakanitazama kwa heshima ambayo sikupata kutazamwa nayo. Nikaiweka sawa kofia yangu. Sheikh akasoma khutba ya ndoa, Mzee Salum kule akiitikia amina kila mara, akamaliza, akainamia ile spika na kuuliza kwa upole, "Ilham binti Salum, unaridhia ami yako Seif akuozeshe kwa Khatibu bin Omar, kwa mahari mliyokubaliana?"

Na sote tunajua kinachofuata. Msichana akiulizwa suala hilo huona haya, hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake, toka enzi za mabibi zetu. Hakuna anayemharakisha, watu huinamisha vichwa wakangoja, na kwa kweli katika ndoa nzima hakuna pahala patamu kama hapo. Mimi pia nikainamisha kichwa. Msikiti kimya, Maskati kimya.

Kimya.

Nikajikuta, bila kutaka, nimeanza kusoma Alhamdu moyoni, na ninaisoma mbio, kana kwamba nikiwahi kumaliza mimi mtambo utasahau. Nikafikiria kukohoa, nikakumbuka kukohoa kwangu hakufai kitu, sharti langu linasikiliza upande wa kule tu. Nikamtazama Khatibu, kafumba macho, anatabasamu. Nimefika aya ya mwisho, mkono wangu uko njiani kuifikia simu, na wala sijui ningeifanya nini, ndipo mnara wa msikiti wa Miembeni ulipowatangazia waja wote wa Mwenyezi Mungu, kwa sauti yangu ya kiungwana:

"Samahani. Mwenzako hatunaye tena. Malipo yamesimama hapa. Ahsante."

Mzee mmoja wa safu ya nyuma akasema innalillahi wainna ilaihi rajiuni, kwa mazoea tu masikini, na safu yake yote ikaitikia, na iliyo mbele yake ikafuata, mpaka ikatufikia sisi. Ng'ambo ya kichochoro kikaanguka kifuniko cha sufuria, kikazunguka sakafuni muda mrefu, kisha kikaanza kilio. Kilio cha kweli, cha wanawake wengi, na nilikitambua ndani yake cha mama mdogo. Wakati Khatibu anaitazama ile simu kama imemng'ata, jirani wa nyumba ya tatu keshafika mlangoni na kofia yake mkononi, anauliza kwa sauti ya chini maziko yatakuwa saa ngapi.

Sheikh aligeuza kichwa polepole, akanitazama. Sheikh huyu ndiye aliyenisomesha chuoni tangu sijajua kufunga kikoi, na sauti yangu anaijua katika makosa yake yote.

"Nassor," akasema, "hii si sauti yako?"

"Naam, sheikh."

Na hayo pia yalitoka mnarani.

Ikabidi nisimame nieleze, huku vilio vya upande wa pili vikinizidi sauti. Nilieleza habari za simu kukatika, na wateja kutozwa dakika za uongo, na sharti la kimya, na marobota ya mashuka, na kila nilivyoeleza nikawa nazama zaidi, kwa sababu mambo ambayo ofisini yalikuwa akili, mbele ya mihrabu yalikuwa upuuzi mtupu. Ami Seif, ambaye ni mtu wa maneno machache, akaniuliza ikiwa amefahamu vizuri, kwamba nimemkatia bi harusi simu katikati ya idhini yake ili bili isizidi. Nikasema ndiyo, maana ukiitazama kwa haki ilikuwa hivyo hasa.

Akasema kwamba kaka yake hakuitaka ndoa hii toka awali, na kwamba hivi sasa amekaa Maskati na mkonga wa simu mkononi, mwanawe kaulizwa suala kubwa la maisha yake na watu wa Unguja wamemfungia simu usoni. Hatapokea tena. Angekuwa yeye Seif, asingepokea. Nikajaribu kupiga, kule inatumika. Nikapiga tena, inatumika.

Nilitegemea Khatibu atanitukana, na ingenisaidia. Lakini huyu mtu mwenye maneno kuliko sote alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, anaukunja na kuukunjua mkono wa lile joho la watu, na alichosema ni kimoja tu, tena hakukisema kwa hasira.

"Nassor, mwaka mzima."

Nimeshaaibika mara nyingi, mnanijua. Lakini hapo sikuona aibu, niliona uchungu.

Nikampigia Mwanaisha ofisini. Nikamwambia afungue mtambo, nikamwelekeza lilipo lile sharti, alifute lote, asiniulize kitu. Hakuniuliza. Nilimsikia anabonyeza, anapumua, kisha akasema, "Nshalifuta. Piga." (Kicheko alikiweka mpaka nilipofika kazini, na kilidumu.)

Nikapiga Maskati. Safari hii ikalia, ikalia sana, kisha ikapokewa, na hakuna aliyesema neno. Sheikh akanionyesha kwa jicho kwamba niseme mimi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Nikaendelea hivyohivyo bila marahaba, nikamwambia mimi ni Nassor, ndugu yake Khatibu, na kwamba aliyekata simu si Khatibu wala sheikh wala mtu yeyote mwenye akili zake, ni mtambo wangu, niliufundisha mwenyewe kwamba mtu akinyamaza basi hayupo, na bi harusi aliponyamaza ukamfungia, tena ukatangaza kwa sauti yangu katika spika ya msikiti kwamba hatunaye tena, na hapa watu wameshamsomea innalillahi na kuna bwana amekuja kuzika.

Pakawa kimya. Sasa sharti limefutwa, simu haifungwi, na mimi sijui kama mzee yupo au kenda zake. Nikasimama pale mbele ya msikiti mzima nikingoja kama mtuhumiwa. Kisha ikasikika sauti ya ajabu, mfano wa mtu aliyepaliwa, ikakatika, ikaanza tena, na Ami Seif ndiye wa kwanza kufahamu kwamba kaka yake anacheka.

"Marahaba," akasema Mzee Salum, akajifuta machozi pengine. "Kwa hiyo mtambo wako umefundishwa hesabu, adabu haukufundishwa. Mpe sheikh."

Sheikh akainama tena, akauliza tena suala lile lile, neno kwa neno. Tukangoja. Tukasikia nguo ikichakarika, tukamsikia mzee akinong'ona jambo, na halafu, badala ya kile kimya tulichokizowea, ikaja sauti ya msichana, ya chini lakini haikutetemeka.

"Nimeridhia, sheikh." Kisha akaongeza, "Na huyo aliyesema hatunaye, mwambieni nipo."

Sijui niwaelezeje. Maikrofoni bado ilikuwa wazi, katika ghasia zote zile sikuikumbuka, na maneno yale yakapanda mnarani yakashuka kichochoroni, na vilio vya upande wa pili vikanyamaza mara moja, kisha midomo ileile ikapasua vigelegele mpaka njiwa wa juu ya paa wakaruka. Sheikh akaifunika maikrofoni kwa kiganja baada ya mambo kwisha, na alikuwa anatabasamu ndani ya ndevu zake. Ami Seif akaozesha. Khatibu akasema nimekubali kabla hajamaliza kuulizwa, ikabidi aulizwe upya ajibu kwa utaratibu. Halua ikapita, kahawa ikapita, na yule jirani aliyekuja kuzika alikaa na sisi mpaka mwisho, akasema hajapata kuhudhuria msiba mzuri kama ule.

Mama mdogo, ambaye wanja ulikuwa umemshuka mpaka mashavuni, alinifungulia mlango, akanitazama toka kofia mpaka viatu, akaniambia masufuria yako uani. Niliyasugua yote. Ukiwahi kusugua ukoko wa biriani ukiwa na kanzu ya sherehe, huku watoto wanakuita Hatunaye (jina ambalo ndilo langu sasa, hata muuza urojo huniita kwa jina hilo), utajua kwamba mama mdogo alikuwa amenisamehe, kwani angekuwa hajanisamehe asingenipa kazi.

Niliporudi ofisini nikaitoa orodha ya simu zote ambazo sharti langu lilizifunga. Nyingi zilikuwa zimekatika kweli, hapo sikukosea. Lakini zilikuwapo ambazo kabla ya kufungwa watu walikuwa wakizungumza vizuri tu, na mara baada ya kufungwa mmoja alipiga tena, na tena. Mwanaisha akasema hawa tuwatafute tuwaombe radhi, akagawa, nusu yake nusu yangu.

Katika nusu yangu alikuwamo mzee mmoja wa Chwaka, mwalimu mstaafu, Mwalimu Haji. Yeye humpigia kaka yake aliyeko Kanada. Nilipomweleza yaliyotokea akakaa kimya (na mimi, mtakubali, nikatulia kama maji mtungini), kisha akaniambia kwamba yeye na kakake hawana habari mpya tena, za zamani wameshazimaliza, basi wakishasalimiana kila mtu huweka kikombe chake mbele, wakanywa chai. Humsikia mwenzake anaweka kikombe chini. Pengine hata hilo hamsikii, lakini anajua yuko. "Nkadhani kanichoka," akasema. "Kila tukikaa, anakata. Nkaacha kumpigia."

Nikataka kumrudishia dakika zake. Hakuzitaka. Alitaka nimpigie kakake nimwambie vilevile nilivyomwambia yeye, kwa sababu yeye mwenyewe anaona haya kuanza. Nikampigia. Kule Kanada mzee akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza Haji hajambo, nikamwambia hajambo. Akasema ahsante, mwanangu, ngoja niteleke chai.

Siku hizi mtambo wetu hausikilizi tena kama watu wanasema au hawasemi. Unabisha hodi kwenye waya wenyewe. Kila baada ya kitambo unatuma hodi upande wa kule, chombo cha kule kinajibu karibu, na wenye simu hata hawajui, wanyamaze watakavyo. Hodi ikienda mara tatu bila kujibiwa, tunaondoka, kama unavyoondoka kwenye mlango wowote wa watu, na malipo yanahesabiwa mpaka ile karibu ya mwisho, hapana zaidi. Tangazo tumelirekodi upya, kalisoma Mwanaisha, na linasema tu kwamba simu imekatika.

Nami nimejiwekea nadhiri mbili. Sauti yangu haitarekodiwa tena katika kitu chochote kinachotumia umeme, na mtu akinyamaza simuni simkatii mimi, namngoja mpaka aseme au aage mwenyewe. Ya kwanza imekuwa rahisi. Ya pili wiki iliyopita iliniweka sokoni Darajani, juani, simu ya mkononi sikioni na kapu la samaki mkononi, ninamngoja mama mdogo amalize kuvuta pumzi aniambie kama anataka changu au nguru, nimengoja kwa adabu zote mpaka samaki wakaanza kutoa harufu, na kumbe simu yangu ilikuwa imekwisha chaji zamani.